Kengele Zisizo na Karatasi

Kakuma, 11 Februari 2025

Kwa binti yangu Akiru,

Ejok! Hujambo huko Lodwar, na huyo mume wako mnene hajambo? Sisi huku wazima. Goti langu la kushoto peke yake ndilo linalolalamika, na mimi silisikilizi.

Barua yako nimeipata. Ati kengele zangu niziandikishe ziwe biashara! Mwanangu, umekaa ofisini mpaka ukiona mtu anacheka unamuuliza kibali. Mimi nagonga kengele za mbuzi kwa raha zangu. Lueth, yule Mdinka fundi wa baiskeli kambini, ananiletea mabati ya magari mabovu. Nakunja, nagonga, nasikiliza. Kila mwenye mifugo namtafutia sauti yake, isifanane na ya jirani, ili mbuzi wajue wamfuate nani. Akifurahi ananipa tumbako. Asipofurahi ananitukana. Hiyo ni biashara? Huo ni ujirani.

Mrudishie mkubwa wako fomu yake, na salamu juu.

Baba yako mwenye masikio,
Lokaale

Lodwar, 20 Februari 2025

Baba mpendwa,

Ejok. Nimefurahi kwamba goti linalolalamika ni moja tu. Huyo mnene anakusalimu, anasema akija Kakuma atakukalia.

Cheka, Baba, lakini nisikilize. Zamani ulitengeneza kengele mbili kwa mwezi, na mbuzi wa kila mtu uliwajua kwa rangi. Sasa zimefika Nakalale, zimefika Lokiriama mpakani. Kuna watu wanazisubiri ambao hata sura zao huzijui. Mimi naona mchezo unaishia hapo. Na jana Wainaina, mwenye duka la vyuma hapa mjini, aliniuliza habari zako. Anataka kengele arobaini. Jiandikishe kwanza, ndipo upokee kazi yake. Jina lako liwepo mahali.

Bintiyo,
Akiru

Kakuma, 9 Machi 2025

Akiru mama,

U mzima? Mimi ni mzima kupita kiasi. Mwambie mkwe wangu akinikalia atakalia mifupa, ataumia yeye.

Za Wainaina nimemaliza, zote arobaini! Bila fomu, bila picha ya pasipoti, bila kuulizwa jina la bibi yangu. Alikuja mwenyewe na mfano mmoja, akasema ziwe sawasawa, wateja wa dukani wanapenda vitu vinavyofanana. Nikamuuliza, "Zinaenda kwa nani?" Akasema, "Mzee, kwa atakayenunua." Basi nikamgongea sauti moja mara arobaini, na mkono haukukosea hata mara moja. Mtu wa darasa la nne ndiye huyo! Jina langu analijua Mungu, na mbuzi wanalijua. Serikali ingoje.

Baba yako asiye na kibali,
Lokaale

Lodwar, 2 Aprili 2025

Baba,

Salamu kwanza, ingawa leo hazitoki vizuri. Natumaini goti limepoa.

Kuna jambo Lokiriama. Watu wawili, Ekai na Adome, kila mmoja alinunua kengele yako dukani kwa Wainaina, akamvalisha beberu anayeongoza kundi lake. Majuzi, tarehe thelathini, walikutana kisimani. Mbuzi kumi na mmoja wa Ekai, wale wadogo ambao masikio hayajakatwa alama, wakafuata kengele ya Adome mpaka kwake. Ekai anasema ameibiwa. Adome amewekwa kwa chifu, leo siku ya tatu. Ndugu za Ekai wameapa kwamba Adome asipofungwa, watakwenda wenyewe kuchukua mifugo yake yote. Mtu ana watoto wanne, Baba. Wainaina ameulizwa aliyezitengeneza, akajibu, "Ni za mzee fulani tu, simjui sana."

Najua nimekusumbua na ile fomu. Leo nakuomba kinyume chake: nyamaza. Huna karatasi, kengele hazina jina, hakuna atakayekufikia. Ukijitokeza watakugeukia wewe.

Bintiyo anayekuogopea,
Akiru

Kakuma, 14 Aprili 2025

Akiru,

Hujambo? Mimi sijambo. Nilikukasirikia kidogo, kisha ikapita.

Ati ninyamaze! Kengele zangu zinapiga kelele mpakani, halafu mimi nijifiche nyuma ya "mzee fulani"? Nilipanda lori siku ileile niliyosoma barua. Nikamwambia chifu, "Mwizi ni mimi, mfungue huyo." Akasema, "Mzee, una wazimu?" Nikasema, "Kidogo. Lete mbuzi."

Wakaletwa wale kumi na mmoja. Ekai nikamsimamisha huku na kengele yake, mimi nikasimama kule na ya Adome. Ekai akapiga, wakamwendea. Nikapiga, wakageuka, wakanijia. Akapiga, wakarudi! Walikimbia hapo katikati kama watu waliosikia chakula kinagawiwa kwenye milango miwili. Watu wakacheka, na mwisho Ekai mwenyewe akacheka mpaka akaketi chini. Adome akafunguliwa palepale. Ndugu za Ekai wakadai mbuzi kwa kosa langu. Nimetoa, yule mweupe, na sijuti.

Nikakaa kule siku tano napunguza ukingo wa kengele zilizokuwa zimefika, moja moja, mpaka kila moja ikapata sauti yake. Zilizobaki dukani Wainaina amenirudishia. Hakutaka, lakini nilikaa mlangoni pake mpaka akataka. Kwako sikupita, hasira ilikuwa bado haijaisha.

Sasa ile fomu, ijaze. Si kwamba umeshinda, usianze kucheka. Nitagonga jina langu kwenye kila chuma, mtu akipata shida ajue aje kwa nani. Na pale wanapouliza biashara ilianza lini, usiandike siku ya kengele ya kwanza, wala siku aliyokuja Wainaina. Andika tarehe thelathini Machi, siku mbuzi wa Ekai walipokwenda kwa mtu mwingine. Karani akisema biashara haianzi na hasara, mlete hapa nimweleze mwenyewe. Kabla ya siku hiyo nilikuwa nacheza.

Baba yako,
Lokaale