Karibu Uliyoitika Ukiwa Uvunguni

Dada yangu Pendo,

Salamu kwanza, matusi baadaye. Mie mzima, nazidi kuwa hendsamu hapa Chamazi, ila nimekukumbuka.

Nimeshika daftari lako. Usinune, ulilisahau mwenyewe chini ya godoro. Mwalimu wako alikusimulia habari za binti wa Kiyahudi aliyejificha wakati wa vita akawa anaandika kila siku, nawe ukasema utaandika kama yeye. Wewe hukukimbia vita. Ulikimbia watu wanaowinda wenye ualbino, baada ya jirani yenu kuanza kuuliza unalala chumba gani. Mama akakutoa kwa dada yake, mama mkubwa, akakuleta kwetu, akaniambia, "Mtaa usijue. Mtu akipiga hodi, Pendo uvunguni, kimya." Mlinzi nikawa mie. Shule niliiachia kidato cha pili, lakini ulinzi nina digrii.

Siku ya nne akaja Mama Zuhura, mdomo wake redio ya mtaa. "Hodi!" Ukazama chini ya kitanda. "Hodi wenyewe!" Nawe, kwa adabu zako za kulelewa na mama mkubwa, ukaitika huko huko chini: "Karibu, mama, shikamoo."

Nilifika mlangoni kabla miguu haijajua.

"Nani huyo wa kike?"

"Mie."

"Wewe? Hebu itika tena."

Nikabana koo. "Karibu, mama, shikamoo."

Akanitazama juu mpaka chini. "Pole, mwanangu," akaondoka.

Tangu hapo mabinti wa mtaa wananiitaga Sista. Miezi minane nimelibeba hilo jina, na hakuna aliyeuliza ndani kuna nani.

Sasa nasoma ulichoandika siku ile: "Mlinzi wangu muongo, anakoroma, anaogopa mende. Leo nimelala usingizi mzuri." Ya mende nakataa. Ya usingizi nimeirudia kuliko kitabu chochote cha shule.

Jirani yule kafungwa, nawe umerudi kwa mama mkubwa. Nasikia unakwenda sokoni mwenyewe, na kofia kama mwavuli. Huku chumba kimekuwa kikubwa, sikipendi.

Daftari silitumi, lifuate likizo. Ukifika usinipigie simu. Simama nje, mchana kweupe, upige hodi mtaa mzima usikie. Nitaitika kwa sauti yangu ya kiume. Ikikwama, ni mafua.

Mdogo wako na mlinzi wako,
Sista wa mtaa