Jiwe la Mayu Mektilda Limetoka Chini ya Mzani

Mwaka umetimia, Mayu, mama yetu, tangu ulipotuacha asubuhi ile ya mwanzo wa msimu wa pamba, na habari nilizonazo zimenifika shingoni. Ndugu wamenipa mimi kazi ya kukuandikia kwa sababu ndimi niliyetoka chuo. Wamesema niandike kwa upole. Nitajaribu.

Nianze na mazuri. Chama chako cha kuhifadhi vitu vya kale hakikufa. Bati la stoo limezibwa. Watoto wa shule wanakuja Jumamosi, wanagusa kila kitu. Mzee Marcelo tulimrekodi nyimbo za kulimia, kaseti ikaisha yeye bado anaimba. Mzee mwingine wa Zagayu alitufundisha kusuka kihenge cha kuhifadhia mtama. Changu kimepinda, wamekicheka sana, lakini kimesimama.

Unakumbuka ulivyoanza? Mashine za kusaga zilipoenea vijijini, watu walitupa mawe ya kusagia, kuku wakawa wananywea maji humo. Wewe ukayafuata mpaka Kimali. Lile la Malampaka ulilipandisha basi, konda akakuuliza linashukia wapi, ukamjibu, "Kwangu." Na mgeni akija stoo hukumwambia hili ni jiwe. Ulimwambia huyu ni mama yake Luhende, alikuwa anasaga kwa hasira, ndiyo maana amelika upande mmoja.

Mwenye njaa hukumuuliza shida yake mpaka ale kwanza. Ulicheka kwa kuziba mdomo na khanga. Tunayakosa hayo.

Ulipoondoka tulifanya ulivyotufundisha. Jiwe lako tulilitoa nje, tukalilaza kifudifudi uani pa stoo, mvua ya mwaka mzima ilioshe. Mwaka ukiisha, binti wa mwisho anainua jiwe la mama yake, anasaga mtama mpya, ukoo unakula. Binti ni mimi. Nimesubiri siku hii kama bibi harusi.

Sasa sikia, Mayu, maana hapa upole umeniishia.

Baba mdogo Constantine, shemeji yako, ndiye aliyeshika uenyekiti baada yako. Akaja mnunuzi mmoja wa pamba, hawa walioletwa na soko huria, akapataka pale uani ajenge jukwaa la mzani wake. Baba mdogo hakuita kikao. Hata dada yako, mama mkubwa Milembe, hakumuuliza. Walikunywa bia, wakapeana mikono, basi. Tulipomfuata alisema nyakati zimebadilika, siku hizi kila kitu ruksa. Ruksa ya nani? Pale uani ni pa chama, na wewe ulikuwa umelala pale.

Fundi Shija akaokota mawe ya msingi. Lako, kwa kuwa lilikuwa limelala kifudifudi, yeye aliona mgongo tu. Akalipanga na mengine, akamwaga zege.

Nilikwenda wiki iliyopita kusafisha mahali pa jiwe lako, nikakuta magunia ya pamba yanapimwa juu yako. Juu yako, Mayu. Nililia, na hayakuwa machozi ya huzuni.

Mama mkubwa hakulia. Alikusanya wanawake wa chama, wakaja na nyundo na mtaimbo, malori yamepanga foleni. Mnunuzi alifoka kwamba mzani wake utaharibika. Baba mdogo alifika anahema, akasema tunamuaibisha mbele ya wageni. Mama mkubwa akamwambia aibu haikuja leo, ilikuja na zile bia. Shija ndiye aliyebomoa, kwa sababu ndiye aliyejua alipoliweka, huku anajitetea.

"Mama, mimi niliona jiwe tu."

"Ligeuze," akasema mama mkubwa.

Akaligeuza. Zege lilikuwa limeng'ang'ania mgongoni, lakini uso mzima. Lile bonde ulilolichimba kwa miaka yako yote ya kusaga lilikuwa laini kama ulivyoliacha. Shija akaweka kiganja mle, kikaenea. Akavua kofia.

Baba mdogo akaona afadhali yaishe, akasema haya, Joyness asage, tule, tusahau. Mama mkubwa akakataa. Aliyelizika ndiye atakayelisagia. Baba mdogo akataja mgongo wake, umri wake, cheo chake, na kwamba hakuna mwanaume wa ukoo huu aliyewahi kupiga magoti kwenye jiwe. Akamgeukia Baba, kaka yake, amtetee. Baba akaenda ndani, akarudi na mtama.

Kwa hiyo ndugu, jamaa na wanachama wote mnakaribishwa leo uani pa stoo, Bariadi, baada ya misa. Watani wameshapata habari, wanakuja na viti vyao. Ugali utachelewa. Atakayeleta unga wa mashine kwa kumwonea huruma msagaji, tutamrudisha nao.

Unakumbukwa na mume wako Jilala, dada yako Milembe, wanao Paschal, Martha na mimi Joyness, wajukuu zako, wanachama wenzako, na shemeji yako Constantine, akiwa amepiga magoti.

Siku zote tutakukumbuka, Mayu. Na anayesahau, tutamkumbusha.