Kichwa cha Sangara

Sevilla, Jumatano, Septemba 1996

Samaki tumemla, na sikumfurahia.

Siku ya tatu sasa mimi na rafiki yangu Masanja tunauzunguka mji huu na mabegi mgongoni, tunalala kwenye mabweni ya wasafiri na kula mkate mkavu, kwa sababu fedha yetu ni ya kubana. Leo tukaamua kununua samaki tupike wenyewe. Sokoni Masanja alichagua minofu myeupe, kisha, kwa kuwa hatujui lugha yao, akajigusa kichwa kumwashiria muuzaji. Alitaka na kichwa, cha supu. Yule mama akacheka, akatugeuzia boksi la minofu tusome: Ziwa Victoria, Tanzania.

“Sangara!” Masanja akapiga kelele. “Bwana mwandishi, tumevuka bahari kumfuata jirani!”

Nilicheka naye. Halafu nikakumbuka kichwa kiko wapi. Kiko nyumbani Igogo, kando ya ziwa hilo, kwenye sufuria ya mama yangu. Siku hizi ananunua vichwa na mifupa inayotupwa na kiwanda cha samaki cha pale, maana minofu yote inapanda ndege.

Kiwanda kile kilipofunguliwa, niliandika ukurasa wa mbele wa gazeti letu kwamba sasa kila nyumba itakula vizuri. Meneja ndiye aliyeniambia. Sikumuuliza mtu mwingine.

Masanja anataka nimwandikie mama kadi, nimweleze tulichokula. “Atacheka mpaka alie,” anasema.

Kadi nimeshaiandika. Nimemwambia mama kwamba tunakula mkate tu.