Siku Ambazo Redio Haikusoma Majina

Raila, Kibera
Alhamisi, tarehe 19 Machi 2026

Kwako Dada Phanice,

Salamu zangu zikufikie hapo nyumbani, wewe na shemeji na watoto, pamoja na baba mdogo Sifuna na wote wa boma letu. Goti lako linaendeleaje? Mara ya mwisho ulisema linakusumbua ukipanda ile njia ya kutoka mtoni. Na mvua, imeanza? Hapa imenyesha kidogo tu, ya kuleta matope bila kujaza mitungi, lakini hatulalamiki. Mimi ni mzima, Nereah ni mzima, na watoto wanaenda shule. Mama anaendelea na kliniki ya macho, na daktari amesema jicho la kulia litapasuliwa baada ya Pasaka. Kwa sasa anaona vivuli tu, lakini mkono wake ukifika kwenye kikombe haukosei.

Najua utashangaa kupata barua na simu ipo. Simu yako, dada, husikilizwa na jiko zima, na haya ninayotaka kukuambia yanataka uyasome umekaa chini. Nimempa barua jirani yetu Elvis, anayesafiri leo, aje akukabidhi mkononi.

Bila shaka huko pia mlisikia kwamba Askofu Mkuu Heziron Osewe alifariki Jumapili ya tarehe nane. Unajua jinsi Mama alivyompenda. Siku ile alilia kama amefiwa na kaka yake, akamwomba Nereah amfunge kitambaa cheusi kichwani. Mimi mwenyewe niliacha kazi nikasikiliza. Alikuwa mtu mwema, na sitaki usome maneno yangu ukadhani nina ubaya na marehemu.

Lakini dada, redio na televisheni za nchi hii hazikujua kuacha. Unajua kibanda changu hapo Soko la Toi, redio na televisheni za watu zimepangwa mezani, na fundi hawezi kujua kitu kimepona bila kukiwasha. Basi nilikuwa nikiwasha hii, ni Askofu. Nikiwasha ile, ni Askofu. Walimhoji fundi aliyemshonea kanzu, wakamhoji dereva wake wa zamani, wakamhoji mama mmoja aliyewahi kumpikia chai miaka mingi iliyopita na ambaye hakukumbuka kama aliweka sukari. Walionyesha viatu vyake. Jioni moja walimwalika mtu aliyewahi kukaa nyuma yake kwenye ndege, akaeleza jinsi Askofu alivyolala.

Vijana wa pale sokoni walinifanya kichekesho. Walikuwa wakipita na kuniuliza, “Fundi, hizi TV zako zote zimeokoka?” Kabiru, jirani yangu anayeuza viatu vya mitumba, alinipigia kelele Jumamosi mpira ulipokuwa unaanza: “Khamala, weka game bana! Huyu mzee umetuzikia mara saba na bado hajafika kaburini!” Halafu akajishika mdomo, akavua kofia, kwa sababu Kabiru pia ni mtu wa kanisa.

Mimi nilicheka nao. Sikujua kwamba nyumbani kwangu jambo hilo halikuwa la kucheka.

Unakumbuka Mama hakosi matangazo ya vifo kwenye kile kituo cha lugha yetu, jioni baada ya habari. Saa hiyo hakuna mtoto wa kukohoa. Anainua kidole kimoja, hata Nereah akiwa na sufuria mkononi anasimama, mpaka msomaji amalize jina la mwisho. Ndipo anashusha kidole na kusema, “Haya, leteni chakula.” Nilidhani ni tabia ya wazee, kutaka kujua nani ametangulia. Nilikuwa hata nikimtania kwamba anahesabu wenzake.

Basi tangu Jumatatu ya tarehe tisa, kituo kile nacho kiliacha matangazo. Badala ya majina waliweka nyimbo za huzuni na watu wa kumsifu Askofu. Siku ya kwanza Mama aliinua kidole, akangoja, akakishusha mwenyewe. Siku ya pili hivyo hivyo. Kufikia Ijumaa alikuwa haulizi chakula. Nimeandika katika shajara yangu, Ijumaa tarehe 13: “Mama amekula vijiko viwili vya uji. Anasema hana njaa.” Jumapili: “Mama hakuenda kanisani. Redio iko mapajani.”

Nereah ndiye aliyesema si ugonjwa. Aliniambia kwa ukali wake ule wa upole kwamba nimezoea kuuliza redio zina nini kuliko kumuuliza mamangu ana nini. Kwa hiyo Jumatatu jioni nilikaa karibu na Mama kitandani, nikamuuliza.

Alipunguza sauti ya redio. Halafu akaniambia kwamba tangu Timothy aondoke nyumbani, baada ya ule ugomvi wake na Baba juu ya dume la kulimia alilouza, yeye husikiliza matangazo kwa ajili ya jina moja tu. “Kama hajasomwa, ako,” aliniambia. “Kila jioni wakimaliza bila kumsoma, najua mtoto wangu amelala mahali akiwa hai. Ndiyo nakula.” Kisha akanishika mkono akaniambia watu hawajaacha kufa kwa sababu Askofu amekufa. Wanakufa na hawasomwi. Je, kama Timothy amepita katika siku hizi? Nani atarudi nyuma kumsomea yeye?

Miaka yote hiyo Mama amekuwa akila chakula cha jioni kwa ruhusa ya redio, na mimi fundi wa redio sikujua.

Jumanne niliulizauliza sokoni ni wapi watu wa Nairobi hupeleka matangazo ya kituo kile, nikaelekezwa Kawangware, kwa mama mmoja Mkamba anayeitwa Kaluki. Ana kibanda karibu na stendi ya matatu za namba 46, anachapisha picha za marehemu na programu za mazishi, na anapokea matangazo ya vifo kwa niaba ya vituo vingi. Jana Jumatano, siku ya mazishi ya Askofu, sikufungua kazi. Nilivuka Ngong Road kwa miguu, nikiwa na wazo moja tu: nimuulize kama kati ya majina yaliyokwama kuna la ndugu yetu. Nilitaka nirudi na jibu, hata kama ni baya, maana Mama alikuwa anaisha.

Nje ya kibanda kulikuwa na benchi refu, na watu wamejaa. Ndani, juu ya ukuta, televisheni ilikuwa ikionyesha jeneza la Askofu likipita na farasi na bendi. Mwanzoni nilidhani ni waumini wake waliokuja kutazama. Hapana. Walikuwa watu waliofiwa. Kila mmoja alikuwa ameleta tangazo lake, na kila siku walirudi kuuliza kama litasomwa, kwa sababu kuna shangazi fulani au baba mkwe fulani kijijini asiye na simu, na hawawezi kuzika bila yeye kujua. Sasa walikuwa wamekaa wakitazama mazishi ya mwingine. Na walikuwa wanalia, dada. Mwanamume mmoja alilia mpaka jirani yake akamuuliza kama alimjua Askofu. Akajibu, “Simjui. Lakini si wamefungulia machozi? Acha na mimi nitoe yangu.” Wakacheka wote, na kulia, pamoja.

Niliingia nikamuuliza Kaluki kama ana tangazo la mtu aitwaye Timothy, wa kwetu. Akaniuliza huyo Timothy ni wa kufa ama wa kufiwa. Nikasema wa kufa. Akapekua kichwani mwake kidogo, akasema, “Timothy wa kufa sina. Lakini wa kungoja niko na mmoja. Ako hapo kwa benchi, yule amebeba mtoto.”

Nilikuwa nimempita mlangoni. Amekonda, ana ndevu, na msichana mdogo alikuwa amelala mapajani mwake. Nilimtazama sikio, lile lenye alama ya moto wa jikoni, ndipo nikamwita. Hakusimama kwa sababu ya mtoto. Alinitazama tu, akaniuliza, “Nani alikuambia Marion amekufa, na hawajasoma?”

Marion ni mkewe, dada. Ni wa kutoka upande wa ziwa. Alifariki kwa homa ya mapafu siku moja kabla ya Askofu, na mtoto wao anaitwa Mourine, ana miaka saba. Wameishi hapo Kawangware muda wote huu, mwendo wa saa moja kutoka mlangoni kwangu. Timothy ni fundi wa mabomba. Hakuwa na namba ya yeyote kati yetu, ila alijua kwamba Mama hakosi matangazo. Kwa hiyo alimwandikisha Marion kama mkaza mwana wa Mama Phanice, akajiambia: Mama akisikia na akinitaka, atatuma mtu. Asipotuma, nitamzika mke wangu kwenye makaburi ya umma ya Lang'ata na mambo yaishe. Alikuwa anangoja jibu la tangazo ambalo halijasomwa.

Nilimuuliza kwa nini hakuja Baba alipofariki. Hapo ndipo sauti yake ilipobadilika. Alisema alisikia. Begi lilikuwa limefungwa, Marion amempigia shati pasi. Kisha msomaji akafika kwenye watoto wa marehemu, akasema, “Phanice, Khamala, na wengineo.” Timothy aliniuliza, “Wengineo ni akina nani, Khamala? Na tulizaliwa watatu?” Akafungua begi, akarudisha nguo.

Dada Phanice, unajua ni mimi niliyeandika tangazo lile, na wewe ulinisimamia. Tuliandika majina matatu. Wewe ndiye uliyesema Timothy lazima awemo, hata baba mdogo alipokunja uso. Lakini jioni lilipokuwa likisomwa sisi tulikuwa kwenye matanga yenyewe, na watu wanalia, nani angesikiliza redio? Nilimwambia hivyo. Kaluki aliyekuwa akisikiliza bila kujificha akaingilia kati, akasema wasomaji wakibanwa na muda husoma mawili na kuwafunga wengine ndani ya wengineo. Alisema ameona familia zikipigania jambo hilo. “Hata mimi babangu akisomwa nilikuwa wengineo,” alisema, “na nilikuwa nimelipia!”

Timothy hakucheka. Aliinamisha kichwa juu ya nywele za mtoto kwa muda mrefu. Kisha akanipa Mourine nimbebe, akasimama.

Tulifika Raila jioni. Askofu alikuwa ameshazikwa, na kama unavyojua matangazo yalirudi jana hiyo hiyo. Mlangoni tulisikia ule muziki wake wa kuanzia. Mama alikuwa kitandani na redio mapajani, na aliposikia viatu vyetu aliinua kidole bila kugeuka. Tukasimama wote, hata mtoto. Msomaji akaanza, kwa haraka, maana majina yalikuwa mengi. Timothy alisema, “Mama.” Mama akatikisa kidole kumnyamazisha. Akasema tena, “Mama, ni Timothy.”

Kidole kilibaki juu. Kisha kikashuka polepole mpaka kwenye redio, kikatafuta swichi, na Mama akaizima. Msomaji alikuwa katikati ya jina la mtu. “Sema tena,” Mama alisema. “Sasa nasikia.”

Kwa hiyo sijui kama tangazo la Marion lilisomwa. Kwetu hakuna aliyesikia.

Na sasa ombi lililonifanya niandike. Tunamleta Marion nyumbani, mazishi ni Jumamosi tarehe 28. Timothy hana nyumba bomani, na unajua mke hawezi kulazwa mahali ambapo mumewe hajajenga. Mwombe baba mdogo asimamishe hata ya chumba kimoja, ya udongo na mabati, pale kati ya nyumba yangu na mvule. Akikunja uso, mwambie ni Mama ametuma. Jana usiku Mama alikula ugali, akaomba tena mboga.

Msalimie shemeji na watoto, na majirani wa pande zote. Wanaokusalimu kutoka hapa ni Mama, Nereah, wanangu Osewe, yule Mama aliyempa jina la Askofu, na Wayua, ndugu yako Timothy, na binti yake Mourine. Nimewaandika wote, dada. Hakuna wengineo.

Ni mimi ndugu yako,
Khamala