Kiti cha Mbele, Chakol

Mwaka umezunguka, Baba yetu Boaz Ongodia, tangu tukulaze Chakol, na hakuna lori linalovuka Malaba ambalo halitukumbushi wewe.

Madereva bado wanakuulizia. Walizoea kukukuta ofisini na kalamu moja mfukoni na nyingine sikioni, ukiwaambia, "Boss, kaa kwanza, kunywa chai, hizi karatasi hazina miguu." Kila karatasi uliisoma mara mbili. Miaka ishirini na minne ulipitisha mizigo ya watu mpakani, na hakuna aliyekwama kwa uzembe wako.

Lakini mganga hajigangi, Baba. Mambo ya watu uliyanyoosha, yako ukayaacha yakining'inia.

Wewe na Mama mlichokana. Hakuna aliyempiga mwenzake; mlinuniana tu mpaka hata sisi tukawa tunaongea kwa kunong'ona. Baada ya miaka kumi na tisa mkaachana mahakamani, naye akahamia Butula kushona sare za shule. Ndugu zake hawakurudisha ng'ombe wa mahari, ingawa kimila ndoa haivunjiki mpaka warudi, nawe kwa upole wako hukuwadai.

Ulipofika miaka hamsini ukaoa tena. Rita alikuwa akiuza chakula kwenye maegesho ya malori. Tulimnunia, tunakiri, ingawa tulikuona umeanza kucheka. Ulipopooza, ni yeye aliyekulisha na kukugeuza kitandani kwa miezi saba. Kwao hukuwahi kupeleka ng'ombe. "Malori yakipungua nitaenda," ulisema. Malori hayakupungua.

Ndiyo maana siku ya kukuzika, kaka yako mkubwa, Mzee Protus, alimshika Mama mkono akamketisha kiti cha mbele, kando ya jeneza. "Ng'ombe za huyu hazijarudi," alitangaza. "Huyu ndio mwenye boma. Huyo mwingine akae na wageni."

Mama alikaa. Aliogopa kubishana mbele ya maiti. Kutoka pale alimwona Rita kwenye benchi la nyuma, kashika miwani yako kwa mikono miwili, na hakuna aliyempa pole. Mama alitaka kuinuka. Hakuinuka; alishindwa au alikataa. Mpaka leo hajui. Mwaka mzima anashona sare huku akikiona kile kiti, na aibu inamla.

Mwezi jana tulikutana Chakol kuandika tangazo hili. Mzee Protus alisema, "Andikeni Apeduno, mjane wake. Basi."

Mama aliweka kikombe chini. "Shemeji, mimi na Boaz tuliachana. Usiniweke kwa kiti ya mtu tena."

"Na ng'ombe?"

"Ziko kwa ndugu zangu, nenda ukachukue."

"Ukisema hivyo, siku yako utazikwa wapi? Hapa hutakuwa na mahali."

Baba, wewe unajua alivyokuwa akiutunza ule mpera nyuma ya nyumba, akisema atalala hapo, karibu nasi watoto wake. Aliutazama kupitia dirishani. Tulidhani amerudi nyuma. Kisha akasema taratibu, "Watanitafutia mahali. Andikeni Rita." Akatoka nje, akasimama chini ya mpera wake, na hatukuthubutu kumfuata.

Rita hatujamwona tangu mazishi. Simu zetu hapokei, na hatumlaumu. Tunaandika haya ili ayasome popote alipo, Malaba au ng'ambo ya mpaka.

Ibada ni Jumamosi hii saa nne asubuhi, nyumbani Chakol. Mama atatoka Butula na basi la kwanza. Atakaa na wageni, benchi la nyuma. Kiti cha mbele ni cha Rita. Asipokuja, kitabaki kitupu, na mwenye kutaka kuuliza aulize.

Unakumbukwa na mkeo, Rita, wanao, Vivianne na Levis, mkweo, Gentrix, wajukuu zako, rafiki yako wa kazi, Ramathan, na Apeduno, aliyekuwa mkeo, mama wa watoto wako. Jina la Mzee Protus halimo. Alisema hataandikwa palipoandikwa Rita.

Hatutakusahau kamwe, Baba. Rita, mama, njoo na ile miwani.