Kishungi cha Akida

Jumatano, 18 Machi
Nimepalilia kahawa hadi mgongo ukagoma. Mkonge wa mpakani bado umelala mtaroni alikoutupa Lameki alipoung'oa. Shemeji yangu, ndugu wa damu wa marehemu mume wangu aliyeupanda. Anadai mpaka ulikuwa huku, katikati ya kahawa zangu. Mama mkwe anajua ukweli, ila anaishi kwa Lameki na anakula kwake. Kimya. Mwenyekiti wa kitongoji anasema tusubiri Pasaka ipite.

Namchukia Lameki. Nimeandika, basi.

Alhamisi, 19 Machi
Katekista kapita. Igizo la Ijumaa Kuu limekaribia, na Lameki ndiye akida wa Warumi, kama kila mwaka. Kofia za askari ni helmeti za bodaboda zilizopakwa rangi ya fedha. Ya akida inataka kishungi cha nyuzi juu, na hapa Ihanda msusi wa katani ni mimi.

Nilitaka kukataa. Nikamuuliza kwanza kile kishungi kilikuwa cha kazi gani.

"Vitani kuna vumbi, Mama Neema. Askari wakikiona wanajua mkubwa wao yuko wapi."

Neema, binti yangu, anasema kilikuwa cha kumrefusha mtu ili atishe. Mimi nimewaza jingine. Kama askari wake walikiona, adui naye alikiona.

Nimekubali kazi.

Jumamosi, 21 Machi
Nimekata majani ya ule mkonge wa mtaroni. Nimeyapara, katani imetoka nyeupe safi. Avae mpaka wangu kichwani.

Jumanne, 24 Machi
Tunduma, kufuata rangi nyekundu ya mikeka. Malori hadi njia haionekani. Muuzaji kanihimiza niichemshe na chumvi, la sivyo itachuja. Nayajua hayo tangu hajazaliwa.

Sikuichemsha. Ijumaa Kuu ya huku haikosi mvua. Nimecheka peke yangu jikoni.

Jumapili ya Matawi, 29 Machi
Lameki kaijaribu kofia baada ya misa. Kishungi kimekaa sikio hadi sikio, chekundu. Kajitazama kwenye kioo cha pikipiki, kageuka huku na huku kama jogoo. "Shemeji, Mungu akubariki mikono hiyo." Nikasema amina.

Kikulacho ki nguoni mwako. Chake kiko kichwani.

Ijumaa Kuu, 3 Aprili
Mvua ilitukuta kituo cha sita cha Njia ya Msalaba. Rangi ikaanza kumshuka Lameki kama damu: paji la uso, mashavu, kanzu yote nyeupe. Nikangoja kicheko.

Hakuna aliyecheka. Bibi mmoja aliangua kilio, wanawake wote wakafuata. Kijana aliyekuwa Yesu alibaki na msalaba wake, hatazamwi na mtu. Lameki naye akalia. Rangi ilimwingia machoni, nina hakika. Alipopiga magoti na kusema hakika mtu huyu alikuwa mwenye haki, hata katekista alitoa leso.

Wanasema Mungu amemgusa. Ni rangi ya Tunduma iliyomgusa. Nina hasira.

Jumamosi, 4 Aprili
Mwenyekiti kasema mbele ya watu kisimani: mtu aliyelia vile hawezi kudhulumu mjane. Kahawa zangu zimekwenda hivyo. Na aliyempamba ni mimi.

Nilijificha nyuma ya mvua. Mwenye haki ndiye aliyepaswa kuonekana, nami nimemvisha mwizi kishungi.

Jumapili ya Pasaka, 5 Aprili
Sikwenda misa. Nimefunga khanga nyekundu kichwani, fundo juu kabisa. Njia ya kanisani inapita kando ya shamba. Watu walipotoka walinikuta na jembe, narudisha vishina vya mkonge kwenye mstari wake wa zamani.

Wakasimama. Lameki pia, shingo bado ina wekundu. Nikamwita kwa jina, nikamwambia aseme hapa mbele ya watu kama mpaka si huu. Alimtazama mama yake.

Mama mkwe aliingia topeni na viatu vyake vya kanisani. Akatembea polepole, akasimama kwenye mstari wangu, akakanyaga chini. "Mwanangu alianzia kupanda hapa." Hakusema ni mwana yupi. Haikuhitajika.

Lameki aliondoka. Mwenyekiti alibaki, kofia mkononi.

Tumemaliza mstari na Neema alasiri. Mama mkwe hajarudi kwa Lameki. Kaomba chai, kisha kauliza atalala wapi. Nimemtandikia kitanda cha Neema. Bado namchukia mwanawe. Yeye nimempa blanketi zito.