Kulwa, Wamekuja Kutuhesabu

Kulwa, pacha wangu,

Hutaamini, siku hizi nabisha hodi kwenye nyumba za watu nisiowajua. Mimi huyu niliyekuwa nikijificha mgongoni kwako, wewe ukisema, "Shikamoo mama, na huyu naye anakuamkia, ila sauti ameisahau nyumbani." Nimemaliza kidato cha nne. Wakati nasubiri matokeo, nimepata kazi ya muda kwa watafiti wa idadi ya watu hapa Buswelu.

Kazi yenyewe ungeipenda. Hatupiti kila nyumba. Tunachagua chache kwa kura, tunauliza maswali, kisha kompyuta inatumia majibu hayo kukadiria hali ya kata nzima: watoto wangapi wanazaliwa, wangapi wanafikia utu uzima. Dada Esta, msimamizi wetu, alituonya mapema kwamba akina mama wengi huwaruka watoto waliofariki. Makadirio yakiwakosa hao, yanasema watoto wetu wako salama, kumbe sivyo. "Ulizeni tena, taratibu," alisema. "Na mama akilia, wekeni kishikwambi chini."

Basi kura ikaangukia nyumba yetu.

Sisi makarani haturuhusiwi kuhoji nyumbani kwetu, kwa hiyo alikuja mwenzangu Sabina. Mimi nilikuwa jikoni nikipepeta mchele, mlango wazi. Nilijua swali linalokuja. Mama hajatamka jina lako tangu tulipokuzika. Nguo zako alizigawa zote. Mtu akikutaja, ghafla anakumbuka kazi ya nje. Na mimi nimekuwa nikinyamaza pamoja naye, nikiogopa kumuumiza, mpaka saa nyingine naona kama nilikuota tu.

"Mama, umezaa watoto wangapi?"

"Wawili. Doto na mdogo wake."

Hapo Sabina hakuhitaji mafunzo ya Dada Esta. Msukuma gani atasikia Doto asiulize pacha aliyemtangulia? "Na Kulwa je, mama?"

Nikasikia kiti kikisogezwa. Nikajua anatoka nje. Sijui miguu yangu iliniletaje sebuleni, ungo bado mkononi. Sauti ilitoka ndogo, lakini ilitoka: "Mama, tuko watatu."

Alinitazama, akatazama mlango, akakaa. "Andika watatu," akamwambia Sabina. "Kulwa ndiye wa kwanza. Alikuwa na mdomo, huyo!" Akasimulia siku ulipomuuzia mchungaji kuku aliyepotea kutoka kwa mchungaji huyohuyo, naye akakushukuru kwa kumpunguzia bei. Alicheka, Kulwa. Alicheka huku machozi yakimtoka, na Sabina akaweka kishikwambi chini, naye akacheka.

Mdogo wetu aliporudi kutoka shule alitukuta hivyo, akauliza nani amefanya nini.

Kwenye grafu ya Dada Esta hutakuwa na jina. Utaushusha mstari wa wanaofikia utu uzima kidogo sana, jicho halitaona. Nilidhani ingeniuma. Haikuniuma. Jana Mama aliniita nimletee maji, ulimi ukateleza, akasema "Kulwa." Nikaitika. Hakujisahihisha, nami sikumsahihisha. Alikunywa maji, akanirudishia kikombe.

Pumzika, dada yangu. Nakuahidi hili moja: katika nyumba hii nitakutaja hata siku ambayo hakuna aliyeuliza.

Ni mimi,
Doto